Saa ya mfukoni ya Nangara: ya Sultani au ya Mjerumani?

Nilikuwa Babati kwa wiki moja, na nimerudi na kisa ambacho nikikaa nacho peke yangu kitanisumbua.

Jioni moja rafiki yangu aliniomba nimsindikize Nangara, kata ya mji huohuo wa Babati, kumsalimia babu yake. Tukafika, shikamoo, marahaba, chai ikaletwa. Kisha mzee akaingia ndani, akatoka na kopo la bati. Akafungua kitambaa kilichokuwamo. Jamani! Saa ya mfukoni, ya fedha, ile yenye pete juu ya kufungia mnyororo. Mnyororo wenyewe haupo. Kioo kina ufa. Namba zake ni za Kirumi na mishale ni myembamba kama nywele.

"Hii ilikuwa ya Sultani wa Unguja," akasema mzee.

"Babu, nani kakwambia?"

"Dalali mmoja ametoka mjini. Kaona mwezi, kaona taji. Halafu ndani imeandikwa rubi kumi."

Dalali ameahidi milioni themanini. Sharti ni dogo tu: mzee atangulize laki nne za "kipimo". Mzee hana laki nne, ila ana dume la ng'ombe, na mnunuzi wa dume alikuwa anakuja Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Msomaji wangu, nani kati yetu hajasikia habari za rupia ya Mjerumani? Watu wamechimba chini ya mibuyu, wamebomoa misingi ya maboma, wameuza mashamba. Na karibu kila mara kuna mtu anayetaka hela kidogo kwanza. Nilimwomba mzee aniazime saa kwa siku moja. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema niende na mjukuu wake na nisiitoe machoni pake. Sawa kabisa.

Jumatano asubuhi tukampata fundi saa mjini. Akavaa lenzi yake jichoni, akapitisha ncha ya kisu ukingoni, mfuniko wa nyuma ukafunguka. Ndani ya mfuniko kulikuwa na mihuri midogo ambayo hata mimi mwenye macho mazima nilihangaika kuisoma. Ilikuwa minne: namba 0,800, ndege mdogo, mwezi mchanga, na taji. Kwenye mfuniko wa pili, wa ndani, kuna maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba ina rubi 10.

Sasa tuyasome haya taratibu, maana historia yote ya saa hii imo humo.

Namba 800 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za chuma hiki, sehemu 800 ni fedha. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, ya kuipa ugumu. Waingereza walidai 925 na walipiga muhuri wa simba anayetembea. Kwa hiyo hii si ya Kiingereza. Yule ndege, anayefanana na kwale mnene, ni muhuri wa Uswisi kwa fedha ya 800, uliokuja na sheria yao ya 1880. Saa imetengenezwa Uswisi.

Na mwezi na taji? Hapa ndipo dalali alipopapenda. Kwa mtu wa pwani au bara, mwezi mchanga unasema Uislamu, na taji linasema mfalme. Ukiviweka pamoja unapata Sultani! Lakini mihuri hiyo miwili ni ya Ujerumani. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1884, ikaanza kazi 1 Januari 1888: fedha ya 800 na kuendelea iruhusiwe kupigwa mwezi na taji. Mwezi ni alama ya kale ya fedha, jinsi jua lilivyokuwa alama ya dhahabu. Taji ni la Kaizari. Viwanda vya Uswisi vilivyouza Ujerumani vilipiga mihuri ya nchi zote mbili, na saa za namna hiyo zilitoka kwa wingi mno.

Rubi nazo zimo kweli, lakini kabla hamjakimbilia Mererani, tulieni. Ni vijiwe vidogo kuliko punje ya ulezi, vinavyoshika ncha za mihimili ya magurudumu ili visilike upesi. Bei yake ukiving'oa ni ya kuchekesha. Kwa wakusanyaji wa Ulaya, saa ya kawaida ya aina hii, yenye ufa, huuzwa kwa makumi ya dola. Si maelfu. Milioni themanini haziko hapo.

Nilirudi Nangara miguu mizito. Namwambiaje mzee? Nikamweleza yote, muhuri kwa muhuri. Akanyamaza. Kisha nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Babu, wewe uliipata wapi?"

"Kwa baba. Alirudi nayo vitani. Alikuwa anabeba mizigo."

Hapo ndipo nilipokaa chini vizuri.

Vita hiyo ilipita hapahapa. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, waliteremka kutoka upande wa Arusha, wakawashinda Wajerumani Lolkisale, wakapita Ufiome, yaani nchi hii ya Babati, na tarehe 19 wakaingia Kondoa Irangi. Masika yakawakuta. Farasi walikufa ovyo, barabara ikawa tope, chakula hakifiki. Usiku wa 9 Mei von Lettow-Vorbeck akashambulia Kondoa, akashindwa. Katika vita vile pande zote mbili zilitegemea mabega ya Waafrika. Wapagazi walichukuliwa kwa malaki, na makumi ya maelfu hawakurudi. Njaa na maradhi viliua zaidi ya risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, tunalolitaja kila siku tukienda sokoni, limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Mzee akaendelea. Baba yake hakupenda kuisimulia vita, ila kila jioni aliitia saa ufunguo kwa kuzungusha kile kichwa cha juu. Na aliisoma Kiswahili: mshale ukiwa kwenye VII, yeye anasema saa moja. Kiwanda cha Uswisi kiliandika hivi, muhuri wa Kaizari ukaidhinisha, na mpagazi wa Ufiome akaisoma kwa jua la kwao.

Wadau, mnaona uongo wa dalali ulichotaka kuchukua? Si dume tu. Katika hadithi ya dalali, baba wa mzee hayumo kabisa. Saa ni ya Sultani, imepotea njia, imetua Nangara kwa bahati. Katika hadithi ya kweli, yule mpagazi ndiye mwenye saa. Nilipomwambia mzee hivyo, alisema, "Basi dume libaki," akaifunga saa kwenye kitambaa chake.

Alhamisi mnunuzi alikuja, akaondoka mikono mitupu. Dalali alipiga simu mara tatu. Rafiki yangu amekaa na babu yake na daftari, wanaandika: baba alitokea wapi, alibeba nini, alirudi lini. Karatasi hiyo itakaa ndani ya kopo pamoja na saa.

Na ninyi huko mjini, mkienda likizo, mwulizeni bibi au babu kuna nini kabatini. Ila msianze na bei. Anzeni na "nani alikuwa nacho?"

Tuonane tena siku nyingine.