Homoni za hofu zinavyotawala chumvi na maji ya utumbo

HOFU ya mtihani, usaili wa kazi au hukumu ya mahakama huwakimbiza watu wengi chooni. Jambo hilo hufanyiwa mzaha, ilhali chanzo chake ni amri za kikemikali zinazoufikia utando wa ndani wa utumbo, mahali ambapo mwili huamua maji yapi yabaki na yapi yatoke.

Utumbo wa mtu mzima hupokea lita 8 hadi 9 za maji kwa siku. Takriban lita 2 hutokana na chakula na vinywaji. Zilizosalia ni mate, nyongo na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo wenyewe. Karibu yote hurejeshwa mwilini, na yanayotoka na choo kwa kawaida hayazidi mililita 200.

Seli za utumbo hazivuti maji moja kwa moja. Husafirisha ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, na maji hufuata. Sodiamu ikifyonzwa, maji huingia nayo mwilini. Kloridi ikimwagwa ndani ya utumbo, maji hutoka nayo. Sumu ya kipindupindu huua kwa njia hiyo hiyo: huilazimisha milango ya kloridi ibaki wazi.

Mwili unapopatwa na mshtuko, adrenalini na noradrenalini huuamuru utando huo uhifadhi maji. Umwagaji wa kloridi hupungua na ufyonzaji wa sodiamu huongezeka. Klonidini, dawa ya shinikizo la damu, huiga amri hiyo, na madaktari wameitumia pia kuzuia kuharisha kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari.

Kotisoli na aldosteroni, zinazotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, hufanya kazi polepole zaidi. Huingia ndani ya seli na kuamsha vinasaba ili milango na pampu za sodiamu ziongezwe, hasa katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Aldosteroni huokoa sodiamu kwa gharama ya potasiamu, ambayo hutupwa nje.

Kwa hesabu hiyo, hofu ingepaswa kukausha choo. Anayeipindua hesabu ni homoni nyingine, CRF, iliyotambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California. Ubongo huitoa ili kuanzisha mlolongo unaozalisha kotisoli, lakini hupatikana pia katika utumbo wenyewe. Huko huchochea neva na baadhi ya seli za kinga, utumbo mpana ukaenda mbio, na maji na kloridi vikamwagwa.

Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza, Barclay na Turnberg, walipima jambo hilo kwa watu wenye afya njema. Walipowapa kazi ya kusikiliza inayochosha akili, ufyonzaji wa maji na chumvi katika utumbo mwembamba ulishuka.

Uzito wa suala hili huonekana kwa wagonjwa wa Addison, maradhi yaliyoelezwa na daktari Thomas Addison wa London mwaka 1855, ambayo kifua kikuu ni mojawapo ya vyanzo vyake. Tezi zao hazitoi kotisoli wala aldosteroni ya kutosha, hivyo chumvi huwapotea, zaidi kupitia mkojo. Kuharisha na kutapika ambako mtu mwingine angekumudu kwa dawa ya ORS kunaweza kuwaua wasipoongezewa homoni haraka, mara nyingi kwa sindano. Hatari kama hiyo huwanyemelea waliotumia prednisoloni kwa muda mrefu wakaiacha ghafla bila ushauri wa daktari, kwa kuwa tezi zao huwa zimelala.

Aidha, si kila kuharisha kwa mwenye mawazo kunatokana na mawazo. Damu kwenye choo, kupungua uzito, homa, au kuamshwa usiku na tumbo ni dalili zinazohitaji kipimo hospitalini.