Mama Sisulu na Wauguzi wa Uhuru Wetu

Kila inapofika Desemba 9, nasi tuko ugenini, tunapeperusha bendera, tunapika pilau na kuwafundisha watoto wetu wimbo wa taifa. Majina tunayoyataja ni yale yale: Mwalimu, Bibi Titi, wazee wa TANU. Wanastahili. Lakini sisi wauguzi wa jumuiya hii, tuliokuja Uingereza kuisomea shahada kazi hii na tukabaki kwenye wodi zake, tunaomba mwaka huu liongezwe jina moja. Ni la mwanamke ambaye hakuwa Mtanganyika. Alikuwa muuguzi, mkunga na mama: Albertina Sisulu wa Afrika Kusini.

Tukumbuke kwanza hali tuliyokuwa nayo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizoea kusema kwamba nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Wauguzi wa Kiingereza nao walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Kila aliyewahi kushika zamu anajua maana yake. Mgonjwa hajui kama usiku bendera imebadilishwa. Sindano yake ya saa kumi na mbili iko pale pale, na mama mwenye uchungu hangojei sherehe ziishe. Nchi inaweza kupata waziri kwa siku moja. Muuguzi anachukua miaka.

Serikali changa ikatafuta msaada, na msaada ukatoka kwa watu ambao wenyewe hawakuwa huru. Chama cha ANC, kilichopigwa marufuku kwao tangu 1960, kilikubali kutafuta wauguzi Waafrika waliohitimu waje kuziba pengo. Mmoja wa waliopewa kazi ya kuwatafuta ni Mama Sisulu. Wauguzi hao walitoroshwa kwa siri hadi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, na kutoka huko wakasafirishwa kwa ndege hadi Tanganyika. Kundi la kwanza lilikuwa la wauguzi ishirini hivi.

Kwa nini yeye? Maisha yake yanajibu. Alizaliwa Oktoba 21, 1918, katika wilaya ya Tsomo, Transkei, mwaka ule ule wa homa kubwa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Baba yake alifanya kazi migodini na alifariki binti huyu akiwa bado mdogo. Akabeba mzigo wa kuwalea wadogo zake. Alipokuwa akisoma kwa Wakatoliki alitaka awe mtawa, lakini alipojua kwamba mtawa hana mshahara wa kupeleka nyumbani, akabadili nia. Padri mmoja akamshauri asomee uuguzi, kwa sababu mwanafunzi wa uuguzi alilipwa tangu akiwa mafunzoni. Hapo wengi wetu tunajiona. Ni wangapi kati yetu walichagua sare hii kwa sababu nyuma yao kulikuwa na wadogo wanaosubiri ada?

Januari 1940 aliingia hospitali ya Johannesburg iliyotengwa kwa wasio Wazungu. Huko aliona muuguzi mweusi mwenye uzoefu wa miaka akipokea amri kwa msichana wa Kizungu aliyeanza kazi jana. Aliona majeruhi Waafrika wakilazwa sakafuni ilhali upande wa Wazungu kulikuwa na vitanda vitupu. Mwaka 1941 mama yake alifariki, naye hakupewa ruhusa ya kwenda kumzika. Sisi tulioagana na wazazi wetu kwa simu, tukautazama udongo ukimwagwa kwenye kioo cha simu hiyo, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1944 alihitimu, na mwaka huo huo akaolewa na Walter Sisulu. Mwaka 1954 akahitimu ukunga. Alitembea kwa miguu katika mitaa ya Soweto akiwa na sanduku la vifaa, akiwazalisha wanawake majumbani kwao. Mwenyewe alikuwa na watoto watano, na akawalea pia watoto wa wifi yake. Agosti 9, 1956, alikuwa miongoni mwa wanawake kama 20,000 walioandamana hadi Pretoria kupinga vitambulisho vya kibaguzi.

Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza kukamatwa chini ya sheria iliyoruhusu polisi kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka. Mwaka 1964 mumewe alihukumiwa kifungo cha maisha, na hakutoka mpaka Oktoba 1989. Robo karne nzima mshahara wa uuguzi ndio uliosomesha watoto, huku mama mwenyewe akiwekewa amri za kumzuia kuhudhuria mikutano na kutoka nyumbani usiku. Mwaka 1994 aliingia bungeni, na ndiye aliyelipendekeza jina la Nelson Mandela kuwa rais. Alifariki Juni 2, 2011, akiwa na miaka 92. Kwao walimwita Mama wa Taifa.

Turudi kwa wauguzi wale aliowatuma. Aliyetoka Afrika Kusini kwa siri siku zile alijua kwamba kurudi ni jela. Waliacha wazazi, wachumba na makaburi ya kwao, wakaja kuwauguza bibi zetu kwa lugha waliyojifunza kando ya vitanda. Marufuku ya ANC haikuondolewa mpaka 1990. Wapo ambao hawakuiona tena nyumba waliyozaliwa.

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wa leo. Wao waliondoka kwao kwenda kujaza wodi tupu za kwetu. Sisi tumeondoka kwetu kuja kujaza wodi za taifa tajiri, na za kwetu bado zina uhaba. Hatusemi hivi ili kulaumiana. Kila mmoja ana sababu zake, na fedha tunazotuma nyumbani zimejenga na kusomesha. Lakini deni ni deni, hata kama aliyekukopesha hakudai.

Tuna mapendekezo mawili. La kwanza: bado wapo nyumbani wauguzi wastaafu na wagonjwa wa zamani waliowafahamu wanawake hao. Unapokwenda likizo, kaa nao, rekodi wanachokumbuka, andika majina kabla hayajazikwa. La pili: kati ya wiki zako za likizo, toa siku tatu ukafundishe katika chuo cha uuguzi kilicho karibu na kwenu. Ujuzi huu haulipiwi ushuru uwanja wa ndege.

Heri ya Uhuru kwenu nyote, na kwa walio zamu usiku wa leo.