Kwale wa Nangara na Elimu ya Dunguni

Nangara, ambayo siku hizi ni kata ya mji wa Babati, imo katika nchi ya Wagorowa, ambao wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliwaandika kwa jina la Wafiome. Oscar Baumann alipita pande hizi mwaka 1892, na Oscar Neumann akamfuata mwaka 1893, akikusanya ndege na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya kwao. Lakini elimu ya ndege ilikuwako kabla yao, wala haikuwekwa katika makabati ya vioo, bali katika vichwa vya watoto waliopandishwa dunguni kuamia nafaka, na vya wachungaji waliotoka na ng'ombe umande ungali majanini. Rai yangu ni kwamba elimu hiyo ni sehemu ya tarehe ya nchi, yenye haki ya kuandikwa sawasawa na habari za watawala na mipaka yao, na kwamba tumechelewa mno kuiandika.

Katika elimu hiyo kwale ana fungu kubwa, hususa yule mwenye koo la manjano lisilo na manyoya. Riziki yake imo vichakani na kingoni mwa mashamba. Alfajiri dume hupanda juu ya kichuguu akalia kwa sauti ya kukwaruza, akitangaza milki yake. Jua likikaza huenda kivulini, na magharibi hulia tena kabla ya kuruka mtini, maana ijapokuwa mchana kutwa yu chini akitembea, usiku hauamini udongo. Akishtuliwa hukimbia kwanza, na asipopata pa kujificha ndipo huruka kwa kishindo cha mbawa kinachomgutua hata mtu mzima. Miguu ya dume ina vipi kama vya jogoo, na kucha za nguvu ambazo kwazo hufukua vizizi vya ndago, na mchwa, na, hapa ndipo ulipo ugomvi wake na mkulima, mbegu ya mahindi iliyofukiwa jana. Jike hutaga chini, penye kishimo kilichositirika kwa nyasi, na vifaranga hutembea mara tu wakaukapo.

Mtoto wa dunguni alikuwa na kombeo la kuwafukuza ndege wenye kushuka kwa makundi, lakini kwale, apitaye chini kwa siri, hakuwezekana ila kwa mtego. Mtegaji huchungua kwanza nyayo, na mahali ndege wanapojiogesha kwa vumbi, mpaka ajue ni pengo lipi la ua wa miiba walilozoea kupitia. Kisha huchomeka fito mbichi, akaipinda hata ncha yake ikaribie ardhi, akafunga uzi wa katani uliosokotwa pajani, akaufanya tanzi, akaushikiza kwa kijiti chepesi, na juu yake akanyunyiza mchanga na punje chache. Ndege akigusa kijiti, fito hufyatuka. Kwa Mwislamu wa Babati sharti lilizidi, kwa kuwa kibudu si halali: tanzi lilipasa kushika mguu, si shingo, na mtegaji asiende mbali, apate kumwahi ndege angali hai akamchinja. Hata huo uzi una tarehe yake, kwani katani ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na ni miche 62 tu iliyonusurika safari ikazaa mashamba yaliyotajirisha Tanga. Kabla yake nyuzi zilitolewa katika mkonge wa porini.

Serikali nazo zilikuwa na lao. Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji mwaka 1896, zilizomtaka mwindaji awe na leseni. Waingereza wakaweka zao, hata ile ya 1951. Na Jamhuri ikatunga sheria zake mwaka 1974 na 2009. Haja ya sheria hizo siikatai, maana tanzi halichagui. Ila ni haki kusema pia kwamba mtego ulipoachwa, nayo elimu ya nyayo na saa na mapengo ya ua ilikosa wa kuirithi. Na leo mtoto wa Nangara aweza kumtazama kwale yule yule kwa mara ya kwanza ndani ya Tarangire, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, kutoka dirisha la gari.

Thamani ya elimu hiyo ilidhihirika kusini. Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark, wakiwa kambini katika misitu ya Udzungwa, waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemjua. Alikuwa kwale wa msituni, ambaye jamaa zake wa karibu wako milima ya Asia, si Afrika. Mwaka 1994 wakamtangaza ulimwenguni kuwa jinsi mpya kabisa, na baadaye kundi jingine likaonekana katika milima ya Rubeho. Ugeni huo ulikuwa wa vitabu tu, kwani aliyemtia sufuriani alikwisha kujua apatikanapo.

Msitu wa mlima Kwaraa uko karibu na Nangara, na mtoto aliyekaa dunguni mwaka 1955 amekwisha kupita miaka sabini. Aulizwe ni kwale wa namna ngapi walioshuka kutoka msituni, mwezi gani, na ni yupi ambaye hasikiki tena. Na jibu lake liandikwe pamoja na jina lake, kama yalivyoandikwa majina ya Baumann na Neumann.