Uislamu na Jamii ya Mwambao: Elimu Ilipovuka Kizingiti cha Nasaba

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Uislamu ulifika mapema katika mwambao wa Afrika Mashariki. Huko Shanga, kisiwani Pate, yamechimbuliwa mabaki ya msikiti wa karne ya 8 Miladia; na ukutani mwa kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, umeandikwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliwakuta watu wake ni wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Penye mlango wa msikiti palikuwa na kisima, na mwenye kuingia aliosha miguu kwanza, kwani watu walitembea peku.

Ndugu msomaji, kisima hicho kina maana kubwa. Hukumu ya twahara ndiyo iliyoelekeza maji yachimbwe wapi. Vivyo hivyo, fiqhi iliingia majumbani. Mahari, talaka, eda, mirathi, wakfu na kadhi havikuja kama maneno matupu. Vilikuja na taratibu zake, mjane akajua muda wa eda yake na binti akajua kuwa ana fungu katika mali ya babake.

Lakini insafu yatutaka tutaje pia pale jamii ilipopungukiwa. Suratul Hujurat, aya ya 13, yafundisha kwamba mbora mbele ya Allah ni yule mchamungu zaidi. Pamoja na hayo, katika mji kama Lamu waungwana walijitenga kwa nasaba, na elimu ya juu ya dini ikabaki katika nyumba chache. Watumwa walisilimu na kuswali, lakini wao na watoto wao aghalabu hawakuwa na nafasi kwenye darsa. Hiyo haikuwa sheria. Ilikuwa ada iliyovishwa kanzu ya sheria.

Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh bin Alawy Jamalul-Layl, sharifu aliyetoka Ngazija, alisomesha Lamu na kuwafungulia mlango watumwa, vizazi vyao na wanyonge wengine. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907. Wapo wakubwa wa mji waliochukizwa, naye hakuacha. Kazi yake ikazaa Msikiti wa Riyadha na chuo chake, ambacho kiliendelea baada ya yeye kufariki mwaka 1935.

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya Maulidi ya matari yaliyoshamiri hapo Riyadha, na kila upande una hoja zake. Lakini kumsomesha aliyenyimwa elimu ni jambo lisilo na khilafu.

Basi, imamu na atazame safu za darsa yake: ni nani hayumo, na ni sheria au ada iliyomzuia?

Wallahu A'lam.