Wanaobaki na Mgonjwa: Historia ya Masomo ya Afya Kwetu Ituri



Katika mfano wa Msamaria Mwema tumezoea kumtazama mtu mmoja tu, yule aliyeguswa na huruma akamfunga majeruhi vidonda vyake. Lakini Luka, ambaye mapokeo ya Kanisa yanasema alikuwa tabibu, anamtaja na mwingine asiyekumbukwa sana, yaani mwenye nyumba ya wageni. Kesho yake Msamaria aliendelea na safari. Aliyebaki na mgonjwa, siku baada ya siku, alikuwa mwenye nyumba.

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yakisha kutangazwa, vijana wengi wa Bunia huchagua masomo ya afya: uuguzi, ukunga, maabara, lishe, afya ya umma. Mmoja huvutwa na koti jeupe, mwingine na tumaini la kazi katika shirika la misaada. Si aibu kutafuta mkate. Hata hivyo, ni vema anayechagua njia hiyo ajue imepita wapi, kwa maana historia ya nchi yetu inarudia fundisho moja: msaada wa nje huja na kuondoka, na wenyeji ndio wanaobaki na mgonjwa. Basi wenyeji ndio wanaopaswa kuwa na elimu.

Fundisho la kwanza tulilipata mwaka 1960. Wakati wa ukoloni Mkongo aliruhusiwa kuwa muuguzi au msaidizi wa daktari, si zaidi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilikuwa kimeanzisha mwaka 1926 kazi ya tiba iliyokuwa na makao Kisantu, na huko wasaidizi wa daktari walifundishwa vizuri. Lakini mlango wa shahada ulibaki umefungwa. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na masomo ya udaktari ni marefu. Bendera ilipopandishwa tarehe 30 Juni 1960, nchi kubwa kama hii haikuwa na daktari Mkongo aliyehitimu katika chuo chake. Ghasia za Julai zilipozuka, madaktari wa kigeni walio wengi waliondoka katika muda wa wiki chache. Hospitali zilibaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilituma madaktari wa kuziba pengo, kisha likawapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa wakamilishe masomo ya udaktari. Watu waliohesabiwa kuwa wasaidizi tu walirudi wakiwa madaktari kamili. Akili walikuwa nayo tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa nafasi.

Fundisho la pili lilifuata upesi. Mwaka 1964 uasi wa Simba uliitikisa kaskazini-mashariki yote. Juma moja baada ya daktari Mmarekani Paul Carlson kuuawa Kisangani, Mwenye Heri Anuarite aliuawa Isiro. Misheni nyingi ziliachwa tupu. Kutoka katika majivu hayo misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana, na kuanzia mwaka 1965 zikajenga kituo kimoja cha tiba Nyankunde, yapata kilomita 45 kutoka Bunia. Daktari Mwingereza Helen Roseveare, aliyekuwa ametekwa na waasi na kuteswa, alirudi Kongo akafanya kazi hapo ya kufundisha wauguzi. Nyankunde haikuwa hospitali tu, ilikuwa shule. Walioijenga walikuwa wameona kwamba daktari mmoja akiondoka, kazi yake huondoka naye, lakini muuguzi aliyefundishwa hubaki kijijini na kuwafundisha wengine.

Fundisho la tatu ni chungu kwetu Wakatoliki, nalo hatupaswi kulificha. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, mkoa wa Equateur wa wakati ule, masista walihudumia wagonjwa kwa moyo wote, lakini bila daktari. Kila asubuhi sindano tano zilitolewa kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu, kisha ikatumika kwa mwingine. Ugonjwa mpya ulipoingia, sindano hizo zilikuwa daraja lake. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki, na masista miongoni mwao. Ugonjwa huo ukapewa jina la mto Ebola. Mkongo wa kwanza kufika kuchunguza kisayansi, Profesa Jean-Jacques Muyembe, alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akanusurika.

Tusiwahukumu masista wale. Walitoa uhai wao. Lakini tusiseme pia kwamba upendo peke yake unatosha. Upendo usiojua namna ugonjwa unavyosafiri waweza kuubeba ugonjwa huo mpaka kitanda cha jirani. Kusoma usiku hesabu za takwimu au kanuni za usafi wa vyombo ni sehemu ya kumpenda mgonjwa, hata kama yeye hatajua kamwe.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti ya afya ya umma na tiba ya kawaida. Tazameni tauni, ugonjwa uliojulikana katika nyanda za juu za Ituri tangu miaka ya 1920. Daktari humpa mgonjwa dawa, na dawa ikiwahi humponya. Mwenye kusoma afya ya umma huuliza zaidi: Panya wamekufa wapi? Mahindi yanahifadhiwa wapi ndani ya nyumba? Nani hulala chini, karibu na viroboto? Majibu hayapatikani maabara peke yake. Hupatikana kwa kuingia nyumbani, kuketi, kusalimu na kusikiliza.

Wazo hilo lilipata nguvu duniani mwaka 1978, mataifa yalipokutana Alma-Ata na kutangaza kwamba afya ya msingi ni haki ya wote. Nchi yetu iligawanywa katika maeneo ya afya, ambayo sisi huyaita zoni, kila moja ikiwa na hospitali kuu na vituo vyake vya vijijini. Mwaka 1984 Shule ya Afya ya Umma ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Lakini kutoka Bunia Kinshasa hufikiwa kwa ndege, na nauli si ya kila mzazi. Kwa hiyo lilikuwa jambo kubwa Nyankunde ilipopata, katika miaka ya 1990, taasisi ya kufundisha afya ya jamii kwa Waafrika, IPASC, iliyoanzishwa na muuguzi Mwingereza Pat Nickson. Wanafunzi walisoma darasani, kisha wakaenda kuishi na watu vijijini.

Kisha ikaja Septemba 2002. Nyankunde ilishambuliwa katika vita vya Ituri. Wagonjwa waliuawa vitandani, wafanyakazi na wanakijiji wakauawa; wachunguzi wa haki za binadamu walikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 walipoteza maisha. Hospitali iliporwa. Mamia ya walionusurika walitembea msituni kwa siku nyingi mpaka Oicha. Lakini wauguzi waliofika huko wakiwa wakimbizi waliendelea kuwahudumia wakimbizi wenzao. Majengo yalibomolewa, elimu iliyokuwa vichwani mwao haikuporwa. Baadaye hospitali ilifunguliwa tena, IPASC iliendelea na kazi yake Aru, na jina la Nyankunde linabebwa hadi leo na taasisi ya juu ya ufundi wa tiba, ile tunayoiita ISTM.

Fundisho la mwisho wengi wenu mmeliona kwa macho. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa karibu na Beni, ikaingia Ituri: Mambasa, Mandima, Komanda, Tchomia, hata Bunia. Mpaka ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Safari hii elimu ilikuwapo. Kulikuwa na chanjo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Kulikuwa na dawa mpya zilizothibitishwa humu humu nchini. Kilichopungua ni kuaminiana. Watu walioona miaka mingi ya mauaji bila kusaidiwa waliuliza kwa nini magari yamekuja kwa ajili ya ugonjwa huu tu, hali surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini, wengi wao watoto. Swali lilikuwa la haki. Lakini hasira iligeuka damu: vituo vilichomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa Butembo akiwa kazini.

Nani alifungua milango iliyofungwa? WHO yenyewe ilieleza kwamba pamoja na watu wake zaidi ya 1,500 walikuwapo wenyeji zaidi ya 16,000 waliofanya kazi mstari wa mbele. Hao ni wauguzi wa vituo, wazikaji waliojifunza kumzika marehemu kwa usalama na kwa heshima, RECO waliopita nyumba kwa nyumba, na waliopona Ebola waliowalea watoto wa wagonjwa kwa sababu wao hawakuogopa tena kuwagusa. Walisikilizwa kwa kuwa walijulikana ni watoto wa nani.

Mwaka 1960 tulikuwa na watu waliobaki, lakini walinyimwa elimu. Yambuku ilikuwa na upendo, lakini haikuwa na ujuzi. Mwaka 2018 ujuzi ulikuja, ukakuta mlango umefungwa. Kijana wa Ituri anayesomea afya ameitwa kuviunganisha vitu hivyo vitatu katika maisha yake mwenyewe: kujua, kupenda na kubaki. Kubaki ndiko kugumu zaidi. Mshahara huchelewa, barabara ni mbaya, na usalama wajua kila mmoja wetu. Hatuwezi kumlazimisha mtu. Lakini wanaosoma wote wakiondoka, kizazi kijacho kitaanza tena pale babu zetu walipokuwa mwaka 1960. Na jumuiya isiyomsaidia mwanafunzi wake kulipa masomo, wala kumpokea anaporudi, isishangae akiondoka.

Kwa majadiliano katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, ni ugonjwa gani unaorudi kila mwaka, na ni nani amewahi kuuliza kwa nini?
2. Wakati wa Ebola, ni nani aliyeaminiwa nyumbani kwetu, na kwa sababu gani?
3. Parokia yetu yaweza kufanya nini ili kijana anayesomea afya amalize masomo, na akimaliza atamani kubaki?