Kitufe Kimalizacho Neno

Yamkini, ewe msomaji, umepata kumwona mtu aliyebobea katika tarakilishi akiipa amri kwa maandishi matupu, pasipo picha wala mshale. Huandika herufi mbili tatu, akabonyeza kitufe cha Tab, na sehemu iliyosalia ya neno hujiandika yenyewe. Usidhani ni uchawi. Jambo hili lina kisa chake, nacho ni cha zamani kuliko wengi wadhanivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wengi walisemezana na tarakilishi kwa mashine mfano wa taipureta, iliyopiga chapa karatasini. Ile iliyoitwa Teletype Model 33 haikuweza kupita herufi 10 kwa sekunde, hivyo kila herufi ilikuwa na gharama. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waundaji wa Unix katika maabara ya Bell huko Marekani, waliupunguza mzigo huo kwa kuyakata maneno: amri ya kunakili ikawa cp, ya kuhamisha ikawa mv. Ni fupi kweli, lakini mgeni ataambulia nini katika mv?

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilishika njia nyingine. Katika mfumo wake wa mashine ya SDS 940, tarakilishi ilipokea kila herufi papo hapo, na mara ilipotambua amri isiyoweza kuwa nyingine, ililimaliza neno bila kuombwa. Lilikuwa wazo zuri lenye ila kubwa. Mtu akiendelea kuandika kwa mazoea, herufi zake za ziada ziliangukia mahali pa jambo lingine. Tena siku ilipoongezwa amri mpya, herufi mbili zilizotosha jana hazikutosha leo, na vidole vilivyokwisha kuzoea vilipotea njia.

Dawa ilipatikana Cambridge, Massachusetts, katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman. Huko Daniel Murphy na wenzake waliunda TENEX, mfumo wa mashine ya PDP-10; ndio uleule alioutumia Ray Tomlinson mwaka wa 1971 kupeleka barua pepe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Wao waliamua kwamba mashine isiseme kabla ya kuulizwa. Mtu alibonyeza kitufe cha Escape, ndipo ikamalizia. Akiandika alama ya kuuliza, ilimworodheshea yanayowezekana. Kwa maoni yangu uvumbuzi wenyewe ni huu, wala si ule wa kumaliza neno.

Mwaka wa 1975 Ken Greer wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza kuuleta ufundi huo upande wa Unix, na herufi ya kwanza ya programu yake, tcsh, ni ukumbusho wa TENEX. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Tab, kitufe ambacho makarani wa taipureta walikitumia kupanga safu za majedwali.

Programu isomayo amri zako huitwa sheli. Ubonyezapo Tab, sheli hulitwaa neno lako pungufu. Likiwa la kwanza mstarini, hulitafuta miongoni mwa amri. Likifuata baadaye, kwa kawaida hulitafuta miongoni mwa majina ya faili. Tuseme unazo faili tatu: hesabu, historia1963 na historia1964. Ukiandika h tu, sheli haiwezi kusogea. Ukiandika his, itakupeleka hadi historia196, kisha itasimama, pengine na kupiga kengele, kwa kuwa tangu hapo majina mawili yanaachana. Katika sheli ya Bash, iliyotoka mwaka wa 1989, ukibonyeza tena utaonyeshwa yote mawili uchague.

Lakini tahadhari na rm, amri ya kufuta, ambayo kwa kawaida haikuulizi kama una hakika. Tuseme jana uliihamisha historia1964 mahali pengine, na leo, kwa kusahau, unataka kuifuta. Unaandika rm his, unabonyeza Tab. Jina limebaki moja, basi sheli inalimaliza lote kwa ukimya: historia1963. Ukibonyeza Enter kabla ya kulisoma, insha yako ya 1963 imekwenda.