Tabibu wa Jicho Moja

Msomaji, ukitoka Runyenjes na kuuelekea Mlima Kenya, utapanda penye mashamba ya chai na baridi. Ukigeuka na kuteremkia Ishiara, utakuta joto na mbu. Ikumbuke miteremko hiyo, maana tofauti kama hizo za miinuko ndizo zilizompa fununu daktari mmoja mgeni aliyekuwa akifanya kazi Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alijifunza upasuaji, na mwaka wa 1946 akaingia Uganda. Akatumika Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957 aliitwa kumtazama mvulana wa miaka 5 ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Ilikuwa saratani, na kisu hakikufaa kitu. Siku hizo maradhi hayo yaliua kwa miezi michache. Mpasuaji mwingine angalishika kisu tena na kunyamaza. Yeye aliuliza: uvimbe huu uko wapi, na wapi haupo?

Swali jepesi, lakini jibu lake lilitaka miguu. Alipeleka karatasi za maswali na picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Kisha, mwaka wa 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri kutoka Kampala hata Afrika Kusini na kurudi, yapata maili 10,000 kwa majuma 10, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulikuwa haba juu ya futi 5,000, na Runyenjes yenyewe imesimama karibu na kimo hicho. Palipo joto na mvua, ndipo ulipokuwapo. Ramani hiyo ilifanana mno na ile ya malaria.

Miezi kadhaa kabla ya safari, Burkitt alikuwa ametoa hotuba London. Anthony Epstein aliisikia, akaomba vipande vya uvimbe, vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 Epstein na wenzake walitangaza virusi walivyovikuta humo, vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya wanadamu. Ugonjwa ulipewa jina la Burkitt. Majina ya akina mama waliowabeba watoto wao mpaka Mulago hatuyasikii.

Kabla ya kuondoka Afrika mwaka wa 1966, Burkitt aliona dawa zikiyeyusha uvimbe ambao kisu chake kilikuwa kimeushindwa, na baadhi ya watoto wakarudi kwao wazima.